Midomo Nyuma ya Kioo

Haja ya Vera Clegg ilikuwa moja, wala haikuwa ya kumfilisi mtu: kila asubuhi, chai ikiwa bado inafuka kikombeni, auone uso wa kaka yake Walter na aambiwe usiku ulikwendaje. Basi. Na Walter hakuwa mbali. Mtu mwenye mkono mzuri angerusha kiazi kutoka dirisha la Vera kikagonga dirisha la Walter. Wote wawili walilala chini ya paa moja, katika jengo moja la mawe meusi juu ya kilima cha Hagshaw, na bado kumfikia kulikuwa kugumu kuliko kwenda Uhispania.

Jengo lenyewe watu wa Hagshaw waliliita Nyumba ya Maskini. Hata lilipogeuzwa hospitali waliliita hivyo, na hata hospitali ilipofungwa njiwa wakalirithi, hapakuwa na mzee wa mji aliyepita mbele yake bila kuvuka barabara kwanza. Lilijengwa enzi za Malkia Victoria na waheshimiwa wenye mashati ya wanga waliojiita Walezi wa Maskini. Ulezi wao ulikuwa hivi: ukikosa kazi, ukikosa mume, ukizeeka bila mtoto wa kukutazama, unaingia kwa mlango wa nyuma. Mume anapelekwa bawa hili, mke bawa lile, watoto kwao, na ukuta katikati, wasije wakazaana kwa gharama ya walipa kodi. Baba yake Vera, mzee Joseph, aliingizwa humo akiwa mtoto, yeye na dada yake Ada. Wavulana huku, wasichana kule. Walionana visogo tu, Jumapili kanisani, maana aliyegeuka alichapwa. Surua ikamchukua Ada. Joseph aliambiwa baada ya maziko, siku mpishi mmoja alipokumbuka kwamba yule msichana alikuwa na kaka.

Mambo hayo yameandikwa wapi? Hayakuandikwa. Joseph aliwaambia watoto wake, Walter na Vera, na wao hawakuyasahau, na ndiyo maana yapo.

Kisha ikaja kampuni kutoka kusini, ikalinunua jengo kwa bei ya kutupa na kuligeuza nyumba za wenye nazo. Sakafu za mwaloni, mabafu ya marumaru, dari ndefu kama za makanisa. Chumba cha maiti kimekuwa mahali pa kunyooshea viungo asubuhi. Kile chumba cha adhabu, walikofungiwa wanawake wakaidi kwa mkate na maji, sasa kimejaa mvinyo. Na pote pale wakapaita kwa fahari kabisa Makazi ya Walezi. Mtu alilipwa kufikiri jina hilo.

Halmashauri iliiambia kampuni: hampati kibali mpaka mtenge nyumba chache za watu wa kawaida. Wakatenga. Waliziweka bawa la nyuma, mle mle walimolala wanaume vikongwe, mlango wake ukiwa kando ya mapipa ya taka, na uzio wa chuma ukawatenga na bustani. Kadi ya mlango wa mbele haifungui geti la nyuma. Kadi ya geti la nyuma haifungui mlango wa mbele. Ukuta wa zamani waliubomoa, hilo tuwape haki yao. Hawakuuhitaji tena.

Huko nyuma ndiko Walter alikopewa chumba kimoja na jiko, mapafu yake yakiwa yameliwa na vumbi la pamba na mpira wa oksijeni ukining'inia puani. Na huku mbele, ghorofa ya pili, ndiko Graham, mtoto pekee wa Vera, alikonunua. Alimtoa mama yake katika kijumba chake cha mtaa wa chini kwa sababu ya unyevunyevu, akakiuza, akamleta. "Utakuwa karibu na mjomba," alimwambia. Vera aliamini. Ni nani asiyemwamini mtoto aliyemzaa?

Mwanzoni Graham alikuwa akimzungusha kwa gari kila Jumapili mpaka geti la nyuma. Siku moja Walter akamchokoza: "Hongera, mpwa. Babu yako alitoroka jela hii kupitia dirisha la dobi, wewe umeinunua." Graham alicheka kwa meno, macho hayakucheka, na baada ya hapo kila Jumapili ikawa na kazi yake. Vera akaanza kwenda kwa miguu, akizunguka kilima. Novemba akateleza kwenye barafu karibu na mapipa, akakaa pale chini mpaka mzoa taka mmoja alipomwona. Nyonga haikuvunjika, lakini ilikuwa kama imevunjika, kwa sababu Graham alichukua kadi yake ya mlango na viatu vyake vya nje akavifungia kabatini.

"Kwa usalama wako, Mama."

Maneno matamu hayo. Walezi wa zamani nao waliyajua.

Basi likabaki dirisha. Na kwa dirisha, Vera na Walter walikuwa na kitu ambacho kampuni haikukihesabu ilipopanga uzio wake.

Wote wawili walianza kazi kiwandani wakiwa na miaka kumi na mitano, kwenye ukumbi wa kufuma nguo. Mashine za kufumia zikiwa zinapiga, mamia kwa pamoja, sakafu inatetemeka, meno yanatetemeka, na sauti ya mtu haifiki hata sikioni mwake mwenyewe. Wafumaji wakajifunza kusema kwa uso. Midomo inafunguka na kufumbwa kwa mapana, taratibu, nyusi zinasaidia, na mwenzako aliye upande wa pili wa ukumbi anakusoma kama unavyosoma bango. Msimamizi anapita katikati huku anatukanwa yeye na mama yake na hajui. Migomo ilipangwa hivyo. Ndoa zilivunjwa hivyo. Na tabia ikawafuata watu mpaka majumbani: jambo likiwa zito, la aibu au la kifo, mwanamke wa Hagshaw aliacha kutumia sauti kabisa, akalisema kwa midomo mitupu hata kama mmekaa wawili jikoni na mlango umefungwa. Vera aliposikia kwamba baba yake amekufa, hakusikia kitu. Aliona tu midomo ya mama yake.

Kwa hiyo kila asubuhi alisimama dirishani, Walter akasogea kwenye lake ng'ambo ya bustani, wakazungumza bila kutoa hata mnong'ono.

"Umelala?" Vera aliuliza.

"Nimelala kama filimbi. Napiga usiku kucha."

"Umekula?"

"Yule binti wa huduma kaniletea uji. Uji gani ule, Vera wetu! Unaweza kubandikia karatasi za ukutani."

"Kula hivyo hivyo."

"Nimekula. Nimejibandika mwenyewe." Akakohoa, akashika fremu, akangoja pumzi irudi. "Na wewe jela yako vipi?"

"Leo wamenipa parachichi juu ya mkate."

"Mungu wangu. Wanakutesa."

Mlango nyuma yake ukafunguka. Alikuwa Pippa, mke wa Graham, msichana wa kusini, mwembamba, mwenye sauti ya kubembeleza mtoto mwenye homa. "Vera, mpenzi, unaongea na nani?"

"Na Walter."

Pippa alitazama dirishani. Alichokiona ni bustani, uzio, na huko mbali mzee anayetafuna hewa. "Sawa," alisema polepole, na Vera akajua jioni Graham ataambiwa.

Pippa hakuwa mtu mbaya. Alimchemshia maziwa, alimnunulia soksi za sufu. Lakini alimsikiliza Vera kama mtu anavyosikiliza redio iliyo chumba cha pili.

Januari, chama cha wakazi wa mbele kiliitisha mkutano katika ule ukumbi wa zamani wa kulia chakula. Boriti zake bado zina maandishi makubwa ya rangi nyekundu, MUNGU NI MWENYE HAKI, yaliyowekwa pale ili maskini wayasome wakinywa mchuzi wao wa maji. Kwa kuwa jengo limeandikishwa kuwa la urithi, hairuhusiwi kuyafuta. Kila mwenye nyumba alipata kiti laini na glasi ya mvinyo. Graham alikwenda na Pippa, na Vera wakamchukua, maana walikuwa hawamwachi peke yake tena.

Mwenyekiti alikuwa Bwana Alistair Penhallow, wakili mstaafu mwenye soksi za rangi ya waridi. Alisoma ajenda moja baada ya nyingine, paa, lifti, mbwa wa mtu fulani, kisha akafika kwenye jambo lenyewe.

"Madirisha ya bawa la nyuma yanatazama bustani yetu," alisema. "Baadhi yenu mmelalamika. Mnakaa na wageni wenu, majira ya joto, mnainua macho, na kuna mtu anawatazama. Hatumlaumu mtu, sote tunajua wengine hawana mengi ya kufanya. Vioo vyenyewe ni vya urithi, hatuwezi kuvibadili. Lakini shirika linalomiliki bawa la nyuma limekubali vibandikwe stika ya ukungu. Mwanga unapita, sura haipiti. Kila mtu atakuwa na faragha yake, na wao pia."

"Na wao pia," mama mmoja alirudia, ameridhika.

Vera alihisi sakafu inatetemeka kama zamani.

"Kuna mwenye pingamizi?" Penhallow aliuliza, tayari akigeuza ukurasa.

Vera akasimama. Nyonga ilimchoma, akashika kiti cha mbele yake, akasema. Akasema yote. Yule ni kaka yangu. Ndilo dirisha pekee nililonalo. Baba yetu na dada yake walitenganishwa humu humu, chini ya boriti hizi, na sasa mnatutenganisha sisi mkiwa na glasi mkononi. Ninapinga. Msibandike. Alisema hivyo mpaka mwisho, uso wote ukifanya kazi, nyusi zikipanda na kushuka, machozi yakiwa karibu.

Na hakuna aliyesikia neno, kwa sababu hakutoa sauti.

Hakujua. Hilo ndilo la kukutia wazimu. Jambo lilikuwa zito kuliko yote aliyowahi kuyasema mbele ya watu, na mambo mazito yeye na mama yake na mama wa mama yake walikuwa wakiyasema hivyo. Kama ukumbi ule ungejaa wafumaji, pangelipuka. Lakini wafumaji wamekufa, na kiwanda kimekuwa duka la mazulia, na waliokaa pale waliona bibi kizee aliyesimama akafungua mdomo na kuufumba, kufungua na kufumba, kama samaki aliyetolewa majini. Wakatazama chini kwa adabu. Watu wale wana adabu sana. Wangemwona mtu anazama wangegeuza macho wasimwaibishe.

"Asante sana, mama," alisema Penhallow kwa upole. "Basi, limepita bila pingamizi."

"Nimepinga," Vera alimwambia Graham, na safari hii sauti ilitoka, nyembamba, imechelewa. "Graham, si nimepinga?"

Masikio ya Graham yalikuwa mekundu. "Kaa, Mama. Tafadhali kaa."

"Anahitaji maji," Pippa alinong'ona.

Njiani kurudi juu, ndani ya lifti yenye vioo, Graham alikohoa. "Kuna daktari mmoja, Mama, wa mambo ya kumbukumbu. Hakuna ubaya kuonana naye."

"Kumbukumbu yangu ina kasoro gani? Nakumbuka mpaka jina la aliyemchapa babu yako."

"Ndicho hicho ninachosema. Unaishi huko nyuma mno."

"Ninaishi mbele, mwanangu. Nyuma anaishi Walter. Ndiyo shida yenyewe."

Pippa akageuza uso. Graham alitazama namba za ghorofa zikiwaka na kuzimika.

Kuanzia hapo nyumba ikamkaza. Hakuna aliyemfokea. Angefokewa angejua pa kushika. Walimwekea vidonge kwenye kisanduku chenye vyumba vidogo vidogo. Walizungumza jikoni, akiingia wananyamaza, kisha wanasema "Oo, Vera!" kama amerudi kutoka safari. Siku moja aliona mezani picha ya jumba lenye nyasi na wazee waliovalishwa sweta, wote wanacheka upande mmoja. "Ni mahali tu," alisema Graham. "Pana bustani nzuri. Hatujaamua lolote." Vera alijua lugha hiyo. Kiwandani, siku msimamizi aliposema hatujaamua lolote, watu walianza kukusanya aproni zao.

Ikaja asubuhi Walter alipokuwa amekaa dirishani, hasimami tena, mpira wa oksijeni umeshuka mpaka kidevuni.

"Wametupitishia taarifa," midomo yake ilisema. "Wanakuja kubandika kesho."

"Nimejaribu, Walter. Nilisimama kwenye mkutano wao, nikakuficha mpaka leo."

"Ulisemaje?"

Akamwambia. Akamwambia pia jinsi ilivyokuwa, kwamba, alikuja kugundua baadaye, alisema kwa midomo tu. Mabega ya Walter yakaanza kucheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikukatika. Vera aliona mkono wake ukipapasa kioo. Alibandika viganja vyake kwenye kioo chake mwenyewe, kama vile ingesaidia. Kikohozi kilipoisha uso wa Walter ulikuwa na rangi ya maji ya kuoshea vyombo.

"Sheria ya wafumaji," alisema. "Siri mpaka kaburini. Mama angejivunia."

"Usinichekeshe."

"Vera wetu. Nina siku chache. Usibishe, wewe si daktari na yeye mwenyewe kashindwa. Sitaki kufa natazama kioo cheupe kama maziwa."

Akafumba macho apumzike. Vera alibaki amesimama mpaka Pippa alipokuja kumwambia chai imepoa.

Asubuhi iliyofuata Graham alikwenda kazini na Pippa akaingia chumba cha kazi kuzungumza na watu wa ofisini kwake ndani ya kompyuta. Vera alivaa koti la nyumbani juu ya gauni. Viatu vilikuwa vimefungiwa. Akavaa slipa na juu yake soksi za sufu, zile za Pippa, ili zishike barafu. Hilo alilijua tangu utoto, kila mtoto wa Hagshaw analijua.

Kutoka hakukuwa na kizuizi. Mlango wa mbele ukiwa ndani unabonyeza kitufe tu, sheria ya moto inataka hivyo. Kuingia ndiko kunakotaka kadi. Alisimama mbele ya kitufe kile akielewa vizuri: akibonyeza, hawezi kurudi mpaka mtu amruhusu, na kule anakokwenda hawezi kuingia pia, maana Walter hana tena nguvu za kuja kumfungulia geti. Katikati kuna kilima na baridi. Mpokezi, kijana mwenye tai, aliinua kichwa. "Habari ya asubuhi, Bibi Clegg! Tunatoka kidogo?"

"Naenda kupunga hewa."

"Leo hewa ipo ya kutosha," alicheka, akarudi kwenye simu yake. Vera akabonyeza.

Upepo wa kilima cha Hagshaw hauulizi umri. Aliushika uzio kwa mkono mmoja, akazunguka jengo akiwa ameegemea ubavu wake kama mlevi. Mawe yale meusi yalikuwa na unyevu. Mara mbili nyonga ilikataa, akasimama, akaisema vibaya, ikakubali. Njia nzima alifikiria geti. Angegonga. Angepiga kelele, kama sauti ingekubali kutoka. Angengoja mtu yeyote wa nyuma apite na kadi.

Geti lilikuwa wazi. Wabandikaji walikuwa wameliwekea ndoo lisijifunge, wanaingiza ngazi na mirija mirefu ya stika. Waliokuja kumzibia dirisha ndio waliomfungulia mlango. Vera hakungoja kuelezwa. Akapita kando ya ndoo.

Mlango wa Walter nao ulikuwa wazi. Ndani alikuwapo mtu mnene wa makamo mwenye suruali ya kazi, amesimama juu ya ngazi akifuta kioo kwa maji ya sabuni. Walter alikuwa kwenye kiti kizito cha mikono kilichoelekezwa dirishani, blanketi magotini. Harufu ya dawa ya kifua ilijaa chumba. Alikuwa mdogo. Ng'ambo ya bustani Vera hakuwa ameona jinsi kaka yake alivyokuwa mdogo.

Walter aligeuza kichwa. Akaangalia slipa, akaangalia soksi.

"Umekuja na slipa," alisema, kwa sauti, sauti yenye kokoto ndani. Vera alikuwa hajaisikia tangu vuli. "Mjinga wewe. Kila siku nilimwambia Mama, huyu mtoto ni mjinga."

"Nyamaza. Utakohoa."

"Nitakohoa hata nikinyamaza." Akamshika mkono. Mkono wake ulikuwa baridi na mwepesi. "Mwambie huyu bwana aende zake na gundi yake."

Yule mnene akakuna shingo. "Mimi nabandika tu, mpenzi. Nisipobandika leo, kesho wataleta mwingine."

Nabandika tu. Dhuluma ya kila zama ina mtu wake anayebandika tu, na mara nyingi ni jirani yako, ana watoto, na mgongo unamuuma.

"Nitampinga," Vera alimwambia Walter. "Safari hii watanisikia mpaka mjini." Akasogea dirishani, kati ya ngazi na kioo, ageuke amkabili yule bwana. Na kabla hajageuka akaona ng'ambo.

Hakuwahi kulitazama dirisha lake kutoka huku. Pazia lake, taa yake, mgongo wa kiti chake. Na Pippa amesimama palepale anaposimama yeye kila asubuhi, simu sikioni, analia. Midomo ya watu wa kusini haifunguki vizuri, wanasema kama wanaogopa nzi, lakini kilio kilikuwa kimeilegeza, na Vera aliisoma.

"Ametoka," Pippa alikuwa akisema. "Graham, ametoka, hayupo." Akasikiliza. "Siwezi tena. Siwezi kumlinda mchana kutwa." Akafuta pua kwa kiganja. "Wapigie. Waambie hatungoji Jumatatu, wamchukue leo. Leo, Graham. Mlango wao unafungwa kwa namba, angalau hatatoka tena."

Kisha Pippa aliinua macho, akaanza kuipekua bustani, na uzio, na madirisha ya nyuma, moja baada ya jingine.

Vera akarudi nyuma ya pazia.

"Nini?" aliuliza Walter.

Alimwambia kwa midomo. Hakuweza kulitoa kwa sauti. Walter alisoma mpaka mwisho, akafumba macho.

Yule bwana wa ngazi alikuwa bado ameshika stika yake, hajui wamesema nini wala kwamba wamesema. "Basi, niweke au nisiweke?"

Vera alitazama kile kioo. Ndicho alichokuwa akikipigania. Kwa ajili yake alisimama ukumbini na kudharauliwa. Na kwa kioo hicho hicho sasa angeonekana, amekaa hapa mchana kweupe, mpaka waje wamchukue.

"Weka," alisema. Sauti ilitoka yenyewe, nene, ya mtu aliyezoea kuishi bila kuitumia. "Anza na huku chini. Haraka."

Akabandika. Stika ilipanda juu ya kioo kidogo kidogo, yule bwana akisukuma maji kwa kipande cha mpira, na bustani ikafutika, kisha uzio, kisha Pippa. Mwisho ikabaki weupe tu, mwanga usio na kitu ndani yake.

"Nyumba ya mtu mmoja hii, unajua," Walter alisema wabandikaji walipoondoka na geti likajifunga nyuma yao kwa kishindo. "Wakikukuta wataniandikia barua ya onyo."

"Wakuandikie."

"Na wewe kadi huna. Ukitoka huingii."

"Sitoki."

"Na mimi nikishaondoka?"

Vera alikuwa akisikiliza. Nje, upande wa mapipa, mtu alikuwa akitikisa geti. Kipande cha juu cha dirisha kilikuwa kimefunguliwa kiasi cha mkono, hakifunguki zaidi, na sauti ya Graham ilipita pale.

"Fungua! Mama yangu yuko humo!"

"Kadi unayo?" Ilikuwa sauti ya Nasreen, jirani wa Walter, anayefanya kazi ya kuosha wagonjwa na ambaye mdomo wake hauna breki.

"Mimi ni mkazi. Naishi mbele."

"Aa, wa mbele. Basi pigia menejimenti, kaka. Wanapokea simu Alhamisi tu."

"Hii si mzaha, dada."

"Nani anafanya mzaha? Dada yangu mwenyewe alisimama hapo ulipo, siku ya Krismasi, na sufuria ya biriani mkononi, mvua inampiga, na mimi niko zamu. Tulipiga simu mpaka ikaisha chaji. Wewe angalau hujabeba sufuria."

Hapo sauti ya Graham ikabadilika, ikawa ya yule mtoto aliyekuwa akiogopa ngazi za giza. "Mama? Unanisikia?"

Vera alisimama chini ya dirisha. Kioo kilimwonyesha weupe tu, sauti ikizunguka kona ya jengo.

"Nakusikia."

"Njoo basi. Tutazungumza. Hakuna atakayekulazimisha."

"Leo wanakuja saa ngapi, Graham?"

Geti lilitikisika mara moja, kidogo, kama mtu ameliegemea.

"Nenda nyumbani," alisema Vera. "Mwambie Pippa asilie, soksi zake zimenifaa."

"Utakaa humo mpaka lini? Mama? Hawatakuacha. Watakuja na funguo, wana funguo za kila mlango."

"Najua."

Alijua. Chumba kilikuwa na kitanda kimoja, jiko la kugeuka mara moja, dirisha lisiloonyesha kitu na mlango ambao akiuvuka haufunguki tena kwa ajili yake. Mashine ya oksijeni ilihema pembeni. Walter alikuwa akimtazama, midomo imefungwa, akingoja.

Kiti chake kilikuwa bado kimeelekea kile kioo cheupe. Vera alikishika mgongoni, akaegemeza nyonga yake nzuri, akakisukuma kwa nguvu zote, miguu ya kiti ikilia sakafuni, mpaka kikakipa kioo mgongo. Kisha akavuta kigoda cha jikoni akaketi mbele yake, magoti kwa magoti.

"Haya," alisema. "Usiku ulikwendaje?"